Fulana Iliyolowa Ukungu

Ukijaribu kulehemu waya juu ya kitambaa, kitambaa kinaungua. Nawaambia mapema ili msione haya siku yenu itakapofika. Mimi Wairimu, niliyekuwa na digrii ya umeme na miaka kadhaa ya kufundisha, nilitoboa tundu katika fulana ya kwanza niliyopewa, na chumba kizima kikanuka kama nywele zilizochomwa. Daktari Gachanja, mkuu wa mradi wetu, alikuja akalitazama lile tundu, akapitisha kidole ndani yake na kunipungia nacho upande wa pili. Kisha akaenda zake kunywa chai.

Ninyi vijana mnaosomea umeme na mawasiliano mkipita hapa kwangu Gatitu hupenda kuniuliza kazi yangu ilikuwa nini hasa, maana mmesikia ati nilikuwa nashona antena. Ni kweli, nilikuwa nazishona. Ninyi mkisikia antena mnawaza vyuma vya juu ya paa, ama mlingoti mwekundu na mweupe kilimani. Zangu zilikuwa za uzi. Uzi uliopakwa fedha, ukishonwa vizuri juu ya kitambaa, hutuma na kupokea mawimbi kama chuma chochote. Tulikuwa tunazipanga antena hizo ndani ya fulana ya mwanamke. Moja inatuma wimbi dhaifu, dhaifu kuliko la simu mliyo nayo mfukoni, na nyingine zinasikiliza. Mafuta ya titi huyapisha mawimbi bila shida. Uvimbe wa saratani una maji mengi, kwa hivyo huyarudisha. Kompyuta inakusanya marudio hayo na kuchora picha. Tulichokuwa tunakitafuta ni hicho tu: fulana ambayo mwanamke wa mlimani angeivaa kwa muda mfupi, karibu na kwake, ikasema kama kuna sababu ya kwenda hospitali.

Mtauliza kwa nini tuhangaike na kitambaa. Antena zetu za kwanza zilikuwa za bodi ngumu, nazo zilifanya kazi vizuri sana juu ya meza. Lakini mwili haukunyooka kama meza. Kati ya bodi na ngozi hubaki hewa, na wimbi likikutana na ngozi kutoka kwenye hewa hiyo, sehemu kubwa hurudi bila kuingia, kama mgeni aliyesafiri kuja kwako akageukia langoni. Kitambaa hulala juu ya ngozi. Shida ni kwamba kitambaa pia hujikunja, huvutika, hulowa jasho na kufuliwa, na kila moja ya mambo hayo hubadilisha antena. Maisha yangu yote ya kazi yalipita katikati ya uzuri huo na shida hiyo.

Gachanja alikuwa ameanzia kwenye milingoti ya simu, akipanda juu na spana kiunoni wakati mimi bado niko shule ya msingi. Vidole vyake vilikuwa vinene, na kumwona ameshika sindano ilikuwa kama kumwona fahali akichambua maharagwe. Alihamia kwenye nguo katika umri ambao wenzake walikuwa wanapanga kustaafu. Somo lake la kwanza kwangu lilikuwa kwamba kabla ya kulaumu hesabu, tikisa kebo. Nililidharau somo hilo mpaka ulipofika wakati ambapo vipimo vyetu vilikuwa vizuri kila asubuhi na vibaya kila alasiri. Nilitunga nadharia nzuri kuhusu joto na uzi wa fedha. Nilikuwa nimeiandika nusu Gachanja alipoingia, akaivuta kebo kidogo, na mstari wote kwenye kioo ukaruka. Kiungo kilikuwa kimelegea. Baridi ya asubuhi ilikuwa inakibana na joto la mchana linakiachia. Karatasi zile niliwashia jiko.

Mahali pagumu kuliko pote ni pale chuma kinapokutana na kitambaa. Mkumbuke hilo. Sisi tulilehemu tukaunguza, tukatumia gundi ikapasuka, na mwishowe tukatumia vifungo vya kubana, vile vya nguo za watoto wachanga, vinavyolia “ta” vikifungwa. Aliyeleta wazo hilo ni Halima, fundi wetu.

Halima alitoka Nanyuki, katika familia ya wafanyabiashara wa mifugo, na alikuwa na cherehani ya kudarizi aliyoitumia kushona nembo za masweta ya shule. Gachanja alimwomba aje atusaidie kwa muda mfupi, akakaa nasi mpaka nikastaafu. Mimi nilijua umeme unataka kupita wapi. Yeye alijua uzi utakubali kupita wapi. Nilikuwa nikimwomba aisogeze mishono ikaribiane zaidi, naye akinijibu kwamba akiibana hivyo kitambaa kitakuwa kigumu kama ubao, na ikiwa ninataka ubao basi niurudie ubao wangu. Tulibishana hivyo miaka mingi kwa furaha. Tulijifunza pamoja kwamba mishono ifuate njia ya umeme, isiikatize, kwa sababu ukiikatiza umeme hulazimika kuruka kutoka uzi hadi uzi na nguvu zake huishia njiani. Tulijifunza pia kwamba uzi wa fedha hufuliwa kwa maji baridi, huanikwa kivulini, na haupigwi pasi ya moto. Hilo la pasi tulijifunza kwa hasara.

Kabla ya kumpima mtu tulipima matiti ya bandia. Tulikuwa tunayapika wenyewe kwa mafuta, maji, jelatini na sabuni kidogo, mpaka mawimbi yakashindwa kuyatofautisha na mwili. Yalitunzwa kwenye friji ya ofisi, karibu na maziwa ya chai. Mtu mmoja wa stoo alikata kipande akidhani ni jeli ya sherehe fulani. Hakulalamika kwa yeyote. Tulijua ni yeye kwa sababu alishinda siku nzima akinywa maji.

Sasa niwaambie habari za Mama Muthoni.

Baada ya miaka ya jelatini tulipata ruhusa ya kuijaribu fulana kwa wanawake waliojitolea. Haikuwa kuwatafutia ugonjwa. Tulitaka tu kuona kama fulana inafanya kazi kwenye mwili ulio hai, na kila mmoja alielezwa kwamba hatutatoa majibu ya afya. Tulipewa ukumbi wa kanisa moja huko Othaya, nao ulikuwa mwezi wa Julai. Mnaijua Julai ya huko. Ukungu unashuka asubuhi na kukaa kama mwenye shamba. Chai inaupenda, mifupa haiupendi. Nyuma ya pazia tulikuwa wawili, mimi na muuguzi aliyeitwa Sista Agnes, tukiwavisha wanawake. Gachanja alikaa upande wa pili na kompyuta yake, ametupa mgongo, kofia ya sufu imeshuka mpaka kwenye nyusi.

Mama Muthoni alikuja moja kwa moja kutoka kuchuma chai. Alikuwa mwanamke wa mabega mapana na utani mwingi. Alipoiona fulana aliuliza kama ni ya kupima ama ya kupasha joto, kwa sababu kama ni ya joto hataivua. Wenzake wakacheka. Akavaa, akakaa kimya kama alivyoombwa, kisha akaenda kumkatia ng'ombe wake nyasi.

Wakati huo picha hazikutoka palepale. Tulizichora kesho yake huko Nyeri, kwenye maabara yetu, na katika picha ya Mama Muthoni, upande wa kushoto, kulikuwa na doa jeupe, kama ambalo uvimbe ungechora.

Nilimwita Gachanja. Alilitazama kwa muda mrefu, kisha akaomba aletewe fulana yenyewe aliyoivaa yule mama. Alizipima antena moja baada ya nyingine, na zile za upande wa kushoto zilikuwa zimehama kutoka kwenye masafa yake ya mawimbi. Akaichukua ile fulana akaiweka shavuni, kama mama anayepima homa ya mtoto.

“Hii imelowa,” akasema.

Antena zetu zilikuwa zimeshonwa juu ya sufu nene iliyoshindiliwa, sufu ya kondoo wa upande wa Nanyuki, aliyoichagua Halima kwa sababu ilikuwa laini na haikukunjika ovyo. Lakini sufu hunywa maji. Mama Muthoni alikuwa ametoka kwenye ukungu na nguo zake za ndani zilikuwa na unyevu, zaidi upande wa kushoto, na sufu ikaunywa. Antena iliyolala juu ya kitambaa chenye maji hubadilika sauti, kama uzi wa gitaa uliolegezwa, na kompyuta isiyojua habari hizo hudhani kilichobadilika ni mwili.

Kwa Gachanja mambo yalikuwa yameisha hapo. Doa lilikuwa maji. Tungeikausha fulana, tungetafuta kitambaa kingine, na Mama Muthoni angepimwa tena pamoja na wenzake mwezi uliofuata. Mimi nilimwambia kwamba fulana iliyolowa haithibitishi kuwa mwili ni mzima. Yote mawili yangeweza kuwa kweli kwa pamoja. Naye akanijibu jambo ambalo pia lilikuwa kweli. Tulikuwa tumeahidi kutotoa majibu, na tukimtia mama yule hofu ya bure, hakuna mwanamke wa kilima kile atakayekubali tena kuivaa fulana yetu. Miaka yetu yote ingeishia kwenye ukungu ule.

Hatukupigiana kelele. Gachanja hakuwa mtu wa kelele. Lakini chai ilipoa mezani na hakuna aliyeigusa. Mwishowe tulimpigia simu Sista Agnes. Alitusikiliza, kisha akasema kwamba ile ahadi iliwekwa ili tusijifanye madaktari. Haikuwekwa ili tunyamaze mtu anapohitaji kuangaliwa. Na kama tunaenda kwa yule mama, alisema, tumpitie yeye kwanza.

Gachanja alikata simu, akaivaa kofia yake. “Nitaendesha mimi,” akasema.

Tulimkuta Mama Muthoni katikati ya chai yake, kwenye mteremko. Alituona tukipanda watatu, Gachanja akiteleza na viatu vyake vya mjini, na hata kabla hatujamsalimu aliushusha ule mkoba wa chai mgongoni. Sista Agnes alimweleza polepole, kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Gikuyu ili kusibaki neno lililopotea. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatugeukia sisi wawili.

“Niko na swali moja. Mmeona kitu ndani yangu, ama mmeona nguo yenu?”

Nilimtazama Gachanja. Nilitarajia aanze kueleza habari za mawimbi na sufu, maana hilo alilijua kuliko mtu yeyote katika mlima huu. Badala yake aliivua kofia.

“Hatujui, Mama,” akasema. “Mimi nafikiri ni nguo. Lakini sijui.”

Mama Muthoni akang'oa jani moja, akalitupa.

“Basi mtu asiyejua asinitume peke yangu. Twende sisi wote.”

Aliosha mikono, akabadilisha kitambaa cha kichwa, akamwachia binti yake Muthoni maagizo ya ng'ombe, na akaketi kiti cha mbele bila kuulizwa.

Nimekaa kwenye mikutano mingi maishani, nimengoja matokeo mengi, lakini sijawahi kungoja kama nilivyongoja kwenye benchi lile la hospitali. Mama Muthoni alianza kwa kuzungumza habari za chai, jinsi baridi inavyoichelewesha. Akaniuliza kama nina watoto. Nikamwambia ninao. Akaushika mkono wangu, na kidole gumba chake kilikuwa cheusi kwa utomvu wa chai, usiotoka hata kwa sabuni. Gachanja alisimama dirishani akiitazama bustani isiyokuwa na kitu cha kutazama. Mimi, wanangu, sikuwaza hesabu hata moja. Niliomba tu tuwe tumekosea.

Daktari wa pale alimwangalia kwa mikono, akampima kwa skani, na baada ya kukaa naye ndani akatoka pamoja naye, akatuambia kwa ruhusa yake kwamba hakuna kitu. Titi ni zima.

Mama Muthoni hakuinuka upesi. Alisema anataka kukaa kidogo. Akalia bila sauti, machozi tu. Halafu alipoinua macho akamwona Gachanja anajifuta uso na ile kofia ya sufu, na akaanza kucheka, akacheka mpaka Sista Agnes akaambukizwa.

Njiani kurudi hakusema kitu, na mimi nikajua tumempoteza, yeye na kilima chote. Alipofika langoni kwake alishuka, akazunguka mpaka dirisha la Gachanja, akamuuliza atapimwa lini tena. Gachanja akamwambia kwamba halazimiki, tena anamwomba radhi. Mama Muthoni akasema radhi ameipokea, lakini amepoteza siku nzima ya kuchuma kwa ajili ya fulana hiyo, na sasa anataka kuiona ikifanya kazi.

Habari zilipomfikia Halima, kwanza aliwatetea kondoo. Alisema sufu haijawahi kumkosea mtu wa Nanyuki. Lakini siku iliyofuata alienda mitumba na kurudi na gunia la yale masweta mepesi yenye manyoya mafupi, mnayovaa ninyi wakati wa baridi. Nyuzi zake ni za kiwandani, hazinywi maji. Tulikata migongo yote ya masweta hayo kushonea antena, na upande unaoelekea ngozi tukaweka bitana nyembamba ya koti la mvua. Mikono ilibaki, ikatufaa kufungia kebo. Upande wangu ulikuwa kompyuta. Niliipa sheria moja: fulana ijipime yenyewe kabla ya kumpima mtu. Antena yoyote ikiwa nje ya masafa yake, kompyuta ikatae kuchora picha, iseme wazi kwamba shida ni ya fulana.

Mwezi uliofuata tulirudi Othaya na zile mbili, ya sufu na mpya. Mama Muthoni alikuwa wa kwanza kufika, amelowa, nadhani makusudi. Tulimvisha ile ya sufu na kompyuta ikakataa, ikasema fulana haiko sawa. Tulipomwambia, aliridhika kuliko sisi. Ile mpya ilimpima bila matata, na picha ikatoka safi kama anga ya Januari.

Nilidhani hadithi imeishia hapo, na ningewaambia ni hadithi ya vitambaa. Lakini baadaye Sista Agnes alitupa habari nyingine. Mama Muthoni alikuwa amesimama katika kikundi cha akina mama wa kanisa akaeleza kila kitu, jinsi alivyofuatwa shambani, jinsi alivyoogopa, jinsi ile skani isivyouma hata kidogo. Kilima kile kilikuwa na wanawake waliodhani hospitali ni mahali pa kwenda kuambiwa umechelewa. Sasa walianza kwenda kuangaliwa, wakifuatana kwa vikundi kama watu wanaoenda kwenye arusi. Mmoja wao alikutwa na uvimbe ungali mdogo, akatibiwa, na mpaka leo ukienda soko la Othaya utamkuta anauza nduma. Fulana yetu haikumwona yeye. Hakuwahi kuivaa. Nimelifikiria jambo hilo miaka mingi na kila nikilifikiria nacheka peke yangu, kicheko cha kushukuru.

Gachanja sasa ni mzee sana. Yuko kwake na nyuki zake, masikio yamechoka, na ukimtembelea atakuonyesha mizinga kabla hujapewa kiti. Halima amerudi Nanyuki na ana wanafunzi wa kudarizi. Fulana yenyewe bado iko kwenye majaribio, ingawa sasa warithi wetu wameruhusiwa kuwaeleza wanaopimwa kilichoonekana. Msikate tamaa mkisikia hivyo. Kifaa cha kuugusa mwili wa mtu hakifai kuharakishwa, na mikono inayokiendeleza ni mizuri kuliko ilivyokuwa yetu.

Nalijua hilo kwa sababu mwezi uliopita waliomba wanawake wa umri wangu wajitolee, nikaenda. Mhandisi wao anaitwa Kendi, msichana wa kutoka upande wa Meru, niliyemfundisha mwaka wangu wa mwisho. Fulana nyingi nilikuwa nimezivaa ili kuona kama zinabana kwapani, lakini sikuwahi kukaa nyuma ya pazia kama mtu anayengoja kuambiwa. Nilisikia Kendi akibonyeza vitufe upande wa pili. Kisha akaacha. Nikaanza kujipa sababu za kimya kile, kama mhandisi: labda kompyuta ni nzito, labda antena moja imehama, labda anapima upya. Sababu zikaniishia. Nikabaki mwanamke aliyekaa kwenye kiti, mikono mapajani.

Pazia likasogea. Kendi angeweza kunieleza akiwa amesimama pale, ananijua, na picha alikuwa nayo mkononi. Lakini aliiweka picha chini, akavuta kiti, akaketi mbele yangu mpaka macho yetu yakawa sawa.

“Mwalimu,” akasema, “fulana iko sawa, na sijaona kitu cha kunitia wasiwasi. Lakini hospitali utaenda kama kawaida.”

Nikamwambia nitaenda. Yale ya antena, ndiyo, mengine nilimfundisha mimi. Kile kiti alikivuta mwenyewe.